Tajiri wa Viatu vya Kuazima

Filamu ile haikuwa na kichwa wala miguu, na atakayeisema vibaya mbele yangu tutakosana. Kijana anabandika masharubu, basi mchumba wake aliyemlilia nusu ya filamu hamtambui. Katika wimbo mmoja msichana anabadilisha nguo mara saba, na mvua haijakatika. Tuliipenda hivyo hivyo. Ilikuwa miaka ya vita, treni haifiki Kindu, boti zimefungwa, na ukumbi wa video wa Tambwe ulibaki na kanda hiyo moja ya mapenzi ya Kihindi. Tuliiangalia mpaka tukajua ni wapi picha itaruka.

Aliyetufasiria kwa mikrofoni ni Zuberi. Alidai amejifunza Kihindi kwa Mhindi mmoja mwenye duka, ambako kazi yake ilikuwa kupakua magunia. Kihindi hakukijua hata cha kuombea maji. Siri hiyo niliijua, maana Zuberi ndiye niliyemtaka, na baba yangu, Mzee Sumaili wa reli, alikuwa ameshaniandalia mfanyabiashara wa Punia.

Nikambembeleza baba mpaka akaja kuangalia. Mwisho wa filamu baba wa msichana, tajiri mwenye gari refu, anasimama mlangoni, mashavu yanamtetemeka. Zuberi akamsemea: "Kijana, muchukue mutoto wangu. Hata miye siku ya kuposa nilivaa viatu vya kuazima."

Tajiri wa Bombay, viatu vya kuazima! Aliyeposa kwa viatu vya kuazima ni baba yangu, na aliyemnong'oneza Zuberi ni mimi. Mzee alilia mpaka akajifuta kwa kofia. Haukupita mwezi tukaozwa.

Sasa Zuberi ana duka la saruji na mabati, na tumbo la kulingana nalo. Binti yetu Nuru anamtaka Ayoubu, dereva wa pikipiki. Zuberi amemtafutia mwenye malori wa Lubutu. "Ule kijana iko na nini?" anauliza kila tukikaa kula. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nuru amekonda, na mimi nimeanza kuunguza wali makusudi.

Jumapili iliyopita Nuru akaipata filamu ile ile kwenye simu, akaiunganisha na televisheni. Tukamwita na babu yake. Zuberi alifurahi sana, akaimba na nyimbo zote, mpaka alipotambua kwamba chini ya picha yanapita maandishi ya Kifaransa. Mzee Sumaili ameandika Kifaransa cha reli maisha yake yote. Alikuwa anavaa miwani. Zuberi akaacha kutafuna karanga.

Tajiri akafika mlangoni. Nikasoma chini: Ondokeni, mimi sina binti tena. Nilishtuka. Miaka yote nilidhani mashavu yale yanatetemeka kwa huruma.

Baba naye alisoma. Akamtazama Zuberi, akanitazama mimi, nikainama kutafuta kitu chini ya kiti. Niliogopa kweli. Nuru alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Nuru," baba akasema, "rudisha nyuma kidogo. Kata sauti. Leo miye njo nitafasiri."

Tajiri akasimama tena mlangoni. Baba akachukua rimoti, akaiweka mdomoni kama mikrofoni.

"Kijana, muchukue mutoto wangu. Hata miye siku ya kuposa sikukuwa na kitu. Nilikuwa tu na mikrofoni ya Tambwe, na uongo."

Nuru akaziba mdomo kwa kitenge. Mashavu ya Zuberi yalitetemeka kuliko ya tajiri.

"Mzee," akasema polepole, "ile haikuandikwa pale."

"Na siku ile iliandikwa wapi?"

Zuberi alinigeukia mimi. Nami nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, sina msaada kwa mtu. Akameza karanga zake.

"Nuru, ambia ule kijana akuje Ijumaa. Na asikuje na makandambili."

"Kama hana viatu," baba akasema, akivua miwani, "nitamuazima vyangu."