Mlango Wazi Katika Nyumba ya Eda

Mara ya kwanza Nasriya alipoukuta mlango wa nje u wazi wakati wa magharibi, alililaumu komeo. Sib ni mji wa pwani ya Uarabuni, na chumvi ya bahari haikisazi chuma. Akaufunga huku amejibanza nyuma yake, maana alikuwa ndani ya eda, na mwanamke aliye edani haonekani mlangoni, sembuse saa ambayo wanaume wanapita kwenda msikitini.

Mara ya pili akaufunga kwa kamba. Jioni iliyofuata aliikuta kamba imefunguliwa, imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya chungu cha maua.

Kabla hajajua la kufanya, mkwewe akaja. Bi Aliya, mzaliwa wa Unguja, hakuwa tena mtu wa maneno mengi tangu mwanawe Yaqdhan, mume wa Nasriya, agongwe na lori njia ya Barka. Siku hiyo maneno alikuwa nayo. Alikaa, akaikataa kahawa, akasema jirani Hamoud amemwambia mwanawe mwengine, Ghanim, na Ghanim kamwambia yeye, kwamba mjane wa marehemu anauwacha mlango wazi kila magharibi.

"Sikutuhumu, mwanangu, nnakujua. Lakini midomo ya watu haina kitasa. Wijdan nnamchukua, akae kwangu mpaka umalize eda. Nyumba yenye maneno hailei mtoto."

Wijdan, bintiye wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyembakisha Nasriya na akili zake. Na mtoto mwenyewe hakuwa mzima. Hakumlilia baba yake hata tone. Alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa, basi. Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo, nacho ni kitabu.

Kitabu hicho mwalimu wa masomo ya jioni ya Kiingereza alimwazima Nasriya kabla ya msiba. Ilikuwa hadithi ya vijana, ya msichana wa Kimeksiko aitwaye Yesenia aliyefiwa na kaka yake. Mwanzo Nasriya alisita: kitabu cha mauti, ndani ya nyumba ya msiba? Lakini kila alasiri alimsomea mwanawe, akikigeuza Kiswahili papo kwa papo, akikwama kwenye majina ya vyakula, na Wijdan alianza kuuliza maswali. Wenzetu hao, alimweleza, wana siku zao kila mwaka za kuwaandalia wafu wao. Huweka mezani picha, mishumaa na mkate mtamu, humwaga maua ya rangi ya chungwa tangu njiani mpaka kizingitini, na mlango huachwa wazi ili marehemu mwenyewe aione njia ya nyumbani.

"Kaka yake akaja?" Wijdan aliuliza.

Nasriya alikuwa ameshaupitishia macho ukurasa unaofuata. Akakifunga kitabu, akasema watasoma kesho. Kesho wakaja wageni, kesho kutwa kichwa kikamuuma, mwishowe kitabu kikapanda juu ya kabati.

Sasa, mbele ya mkwewe, ndipo ilipompambazukia. Mlango ulianza kukutwa wazi baada ya siku ile.

Akamwita Wijdan, akamuuliza bila ya ukali. Mtoto alimtazama mama, akamtazama bibi, akaishika ncha ya mtandio wake.

"Baba hana ufunguo," alisema. "Polisi waliuleta ndani ya mfuko pamoja na saa yake. Upo kwenye droo. Akija ataingiaje?"

Bi Aliya akavuta astaghfirullah. Kisha akamgeukia Nasriya na yakaja yale aliyoyangojea: haya ndiyo masomo yako ya jioni, kumtia mtoto mambo ya watu wasiokuwa dini yetu. Maiti hangojwi, huombewa. Magharibi milango hufungwa na watoto huingizwa ndani, ndivyo alivyolelewa yeye na mamake kabla yake. Alisema mengi, mara akakatika katikati. Akauliza, kama asiyetaka jibu, hao watu wanawapikia nini wafu wao.

"Walichokuwa wakikipenda," Wijdan alijibu.

"Babako alikuwa akipenda mkate wa kumimina. Hauwahi kupoa. Nikigeuza mgongo tu, keshaukata."

Machozi yakamtoka bila ya sauti. Wijdan alibaki kumkodolea macho. Siku za matanga watoto walipelekwa kwa jirani. Hakuwahi kumwona bibi yake akilia. Kidevu chake mwenyewe kikaanza kutetemeka, na Nasriya akamvuta kifuani, na kilio kilichokuwa kimekwama tangu siku ya maziko kikatoka.

Adhana ilipoanza, Bi Aliya aliinuka akaufunga mlango mwenyewe.

"Roweka mchele wa mkate," alimwambia Nasriya aliporudi. "Kesho tutapika, na huyu atawapelekea majirani, sadaka ya baba yake. Aanzie kwa Hamoud, mdomo wake upate kazi nyengine."

La kumchukua mtoto hakulitaja tena. Wala hakulifuta.

Ghanim alipokwisha kumpitia bibi kwa gari, Nasriya alipanda kiti, akakiteremsha kitabu. Wijdan alisogeza mto wake.

"Mpaka mwisho, mama."

Nasriya aliujua ukurasa ule. Yesenia anakaa mpaka mishumaa inaisha, hakuna aliyeingia, anainuka kuchukua ufagio ayafagie maua. Akavuta pumzi, akaanza kulitafutia Kiswahili neno la kwanza.