Dozi ya Siku ya Tisini

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, kioo kidogo kwenye dirisha la dawa kiliwaka taa nyekundu kwa mara ya tatu.

Aliyeweka kidole juu yake alikuwa fundi mwashi wa miaka thelathini na minne. Nyuma yake watu ishirini na mmoja walipanga foleni kandokando ya ukuta. Ubavuni mwake alisimama dada yake mkubwa, mkaguzi wa mizani kwa kazi, na kwa siku themanini na tisa zilizopita msimamizi wa matibabu yake. Alitazama saa ya ukutani, akaandika kwenye daftari: dole gumba la kulia mara mbili, la kushoto mara moja, hapana.

"Futa kidole," alisema muuguzi kutoka ndani ya dirisha.

"Nimekifuta mpaka kinanichukia, sista."

Kazi ya kliniki hiyo ilikuwa moja: kuwapa methadoni watu walioacha unga wa heroini. Kila asubuhi mgonjwa aliweka dole gumba kwenye kioo, mashine ikamtambua, pampu ikapima dozi yake, akainywa papo hapo mbele ya muuguzi. Fundi alikuwa hajakosa hata siku moja. Leo ilikuwa ya tisini, na aliyefikisha tisini mfululizo, mkojo wake ukiwa safi, aliruhusiwa kubeba dozi za siku sita. Aliyekosa siku moja alianza upya kuhesabu, kutoka moja.

Mkojo wa fundi ulipimwa juzi, ukawa safi. Daktari alisaini jana. Nje ya geti lilisimama lori lenye mafundi wanne na vifaa vya ujenzi, likimngoja wa tano. Kulikuwa na ghala la kujengwa, mwendo wa saa tano kutoka hapo, kazi ya miezi mitatu, mapumziko kila Jumapili. Nyapara wao alisema ataondoka saa mbili. Mwashi mwingine alikuwa anasubiri njia panda na vifaa vyake, endapo nafasi itabaki.

"Mashine inaruhusu majaribio matano," muuguzi alisema. "La tano likikataliwa, mashine inalifunga jina lako mpaka daktari alifungue mwenyewe. Leo anaingia saa tatu."

"Na lori?" aliuliza fundi.

"Mimi natoa dawa, kaka. Lori sina."

Muuguzi huyo alikuwa na siku mbili tu hapo. Aliyekuwa akikaa dirishani kabla yake alimjua kila mgonjwa kwa sura, na kioo kilipogoma alikifuta, akabembeleza, kikakubali. Huyu alikuwa mgeni kwa wote ishirini na wawili.

"Mikono yako imefanya nini?" dada aliuliza.

Fundi aliinua viganja. Ncha za vidole zilikuwa laini na zenye kung'aa kama sabuni iliyotumika. Wiki tatu zilizopita alikuwa amerudi kazini, kwanza kibarua cha hapa na pale, kisha ukuta mzima, na jana alipiga lipu kutwa mikono mitupu. Saruji ilikuwa imekula mistari yote.

"Ulivaa glavu?"

"Glavu na lipu wapi na wapi, dada."

Foleni ilisikia, na foleni haikujua kunyamaza. Mmoja alishauri mafuta ya nazi, mwingine maji ya moto, wa tatu alisema akipanguse kidole kwenye nywele, maana yeye simu yake hufunguka hivyo. Mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote, aliyepanga zamu kila asubuhi na kwa hiyo kuitwa Mama Foleni, alimpeleka fundi kwenye bomba mwenyewe, akamsugua mikono kama anaosha sufuria.

"Saa moja na dakika ishirini na moja," dada alisema fundi aliporudi. "Jaribu la kulia. Bonyeza kidogo tu, usikandamize."

Nyekundu. Lilikuwa kosa la nne.

"Picha," dada alisema. "Jalada lake lina picha."

Muuguzi alilifungua. Akaitazama picha, akamtazama fundi, akairudia picha. Aliigeuza ili waione. Mtu wa kwenye picha alikuwa na mashavu yaliyobonyea, midomo iliyopasuka na macho ya mtu aliyeamshwa kwa teke. Chini yake uliandikwa uzito: kilo arobaini na sita.

"Wewe una kilo ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Huyo wa picha alishakufa, sista," Mama Foleni alisema akichungulia. "Tulimzika hapa hapa. Huyu ni mwingine."

"Unasema si yeye?"

"Nasema ni yeye. Mbona unanishika maneno?"

Watu walicheka. Muuguzi hakucheka.

"Nisikilizeni," alisema, na sauti yake haikupanda. "Nilikotoka, mtu alikunywa dozi ya mwenzake. Miligramu tisini. Mwili wake ulizoea ishirini. Tulimpa kwa sababu kila mtu kwenye foleni alisema ni yeye. Ilikuwa zamu yangu."

Dada aliitikia kwa kichwa.

"Uko sahihi," alisema. "Mimi ningefanya hivyo hivyo."

"Dada," fundi alisema, "uko upande wa nani?"

"Wa mashine. Ngoja."

Nyapara aliingia kutoka nje, mtu mfupi mwenye penseli sikioni. Alisema imebaki nusu saa. Alijua fundi anatumia dawa gani na kwa nini. Siku ya kumwajiri alisema hana haja ya historia, ana haja ya kuta zilizonyooka.

"Basi niende hivi hivi," fundi alimwambia dada yake kwa sauti ya chini. "Nitavumilia."

"Mpaka lini?"

"Leo nitafanya kazi. Kesho asubuhi nitaanza kutoka jasho. Kesho jioni arosto itanishika mifupa yote. Kesho jioni nitakuwa natafuta, dada. Na kule nako hakukosi mtu wa kuuza."

"Kwa hiyo huendi hivi hivi."

"Siendi."

Dada alikuwa ameshaanza kurudisha kurasa za daftari. Alifika ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti: "Siku ya kwanza. Saa nne na dakika kumi. Vidole kumi vimechukuliwa. Karani alilalamika kuwa fomu haiendi mbele bila vyote kumi." Alimtazama muuguzi. "Kumi, sista. Tumejaribu viwili."

"Hapa panauliza dole gumba."

"Hakuna mahali pa kubadilisha?"

Muuguzi aliinama kwenye kompyuta. Vidole vyake vilisikika vikigonga, vikasita, vikagonga tena. Foleni nzima ilisogea mbele kwa hatua moja, kama vile nayo ingeweza kuiona skrini.

"Pameandikwa chaguo," alisema. "Kumbe vipo. Kumi." Akainua uso. "Lakini nafasi iliyobaki ni moja."

Saa moja na dakika thelathini na nane. Vidole vinane, jaribio moja.

Wote walisema pamoja. Kidole cha kati, kwa kuwa ndicho kirefu. Cha shahada, kwa kuwa ndicho chenye nguvu. Kijana mmoja alitaka ipigwe kura. Nyapara alisema mkono wa kulia hushika mwiko, kwa hiyo ncha zimejificha kwenye mpini, hazigusi kitu. Fundi alisema ni kweli, lakini hizo hizo ndizo huzama kwenye chokaa akikwangua. Alizinusa, akazitazama kwenye mwanga, hakuona tofauti.

"Acheni kubahatisha," dada alisema. "Apewe tofali."

Mlango wa choo ulikuwa umezuiwa na tofali moja ili usijifunge. Mama Foleni alilileta mikononi kama mtoto mchanga na kuliweka sakafuni.

"Jenga," dada alisema.

"Nijenge nini?"

"Ukuta. Usifikiri. Jenga kama jana."

Fundi alipinda magoti, akaliokota kwa mkono wa kushoto, akaligeuza hewani, akaliweka kwenye ukingo wa dirisha na kuligonga mara mbili kwa mpini wa mwiko ambao hakuwa nao. Dada alikuwa amechuchumaa, macho yake hayakuondoka kwenye ule mkono.

"Tena."

Alirudia.

"Tena."

Mara ya tatu nyapara aliona pia. "Kidole cha mwisho," alisema polepole. "Hakigusi. Kinakaa pembeni."

Ilikuwa hivyo. Vidole vinne vya kushoto vilibana tofali, na kile kidogo kilisimama peke yake hewani, kimenyooka kama cha mtu anayekunywa chai ukweni.

"Unaringa na tofali," Mama Foleni alisema. "Miaka yote hiyo, hujui?"

"Nani anaangalia kidole chake mwenyewe?"

"Na lipu?" muuguzi aliuliza. Alikuwa amesimama sasa, kifua chake kimeegemea dirisha. "Jana ulipiga lipu. Kushoto unashika nini?"

"Ubao wa kubebea lipu. Kwa kiganja. Hicho kinabaki nje ya ukingo."

Dada alikishika kile kidole, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango, akakitazama kwa muda ambao foleni iliuona mrefu mno. Alikikausha kwa kitambaa chake, akamwambia muuguzi, "Kushoto, kidole kidogo. Hakikisha umechagua kushoto."

"Nimechagua kushoto."

"Kidogo."

"Kidogo. Unaweza kuja kukaa hapa kama unataka."

Saa moja na dakika arobaini na sita fundi aliweka kidole chake kwenye kioo. Mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa amepanda juu ya benchi. Taa ilibaki nyeupe, ikabaki nyeupe, kisha ikawa kijani, na pampu ikaanza kunguruma.

Kelele iliyotoka kwenye foleni ilimfanya mlinzi wa geti aje mbio. Watu ambao jana walikuwa wakigombania nafasi walikumbatiana. Fundi hakugeuka. Alipokea kikombe, akanywa chote, akatia maji humo, akayanywa nayo.

"Sema neno," muuguzi alisema. Ilikuwa kanuni: anayeongea hajaficha dawa mdomoni.

"Sista, dirisha lako limepinda. Sentimita moja, upande wa kushoto."

Muuguzi alilitazama dirisha. Kisha akatoa sanduku dogo la chuma lenye chupa sita, akalifunga, akauliza nani atashika ufunguo, maana hauruhusiwi kukaa na mgonjwa.

"Mimi," nyapara alisema.

"Kila asubuhi chupa moja. Anakunywa mbele yako, halafu anaongea."

"Kumfanya aongee si kazi. Kazi ni kumnyamazisha."

Alisaini. Dada alisaini chini yake. Muuguzi aliandika kwenye jalada, kwa wino mwekundu, kidole kipya cha kutumia, na akamwambia fundi kuwa Jumapili atapigwa picha nyingine.

"Glavu," dada alisema walipofika getini.

"Sawa, dada."

"Hata kwa lipu."

"Dada, sawa."

Saa mbili na dakika nne lori lilitoka getini. Fundi alikaa mbele, kati ya dereva na nyapara, sanduku likiwa mapajani. Kwenye njia panda, mbele ya yule mwashi mwingine, halikusimama.