Mbegu ya Veronika

Lucy alikuwa amepanga vitu vya baba yake uani kwa mafungu matatu: ya kubeba, ya kugawa na ya kuchoma. Mzee Ambilikile naye, kila binti yake alipoingia ndani, alinyanyuka kwenye kigoda, akajikongoja na fimbo yake, akachukua kitu kwenye fungu la kuchoma na kukipeleka kwenye la kubeba. Hivyo ndivyo walivyoshinda Jumatatu nzima, mmoja anatenga na mwenzake anatengua, kama kuku na mtu anayeanika mpunga.

"Baba, hii redio haijasema tangu niko darasa la saba."

"Itasema."

"Na hiki kiatu kimoja?"

"Hicho ni cha mama yako."

Lucy alikirudisha kwenye fungu la kubeba. Alikuwa mwalimu huko Uyole, na kazini walimpa ruhusa ya wiki moja tu ya kuteremka kijijini Talatala kumchukua baba yake. Mzee alikuwa na sukari, mguu wa kushoto umekufa ganzi, na masika yaliyopita alianguka kando ya kisima akalala pale tangu asubuhi hadi adhuhuri kabla mtu hajapita. Mabishano ya kuhama yalikuwa yameisha siku ile. Pikapu ya kukodi ingefika Jumamosi.

"Nyuma kitaingia kitanda na masanduku mawili, basi," Lucy alisema. "Sisi tutakaa mbele na dereva. Kitu kimoja unaweza kukipakata, Baba. Chagua mwenyewe."

Hakuwa na haja ya kuchagua. Alielekeza fimbo nyuma ya mlango, kilipokaa chungu cha Kikisi, kazi ya wafinyanzi wa ziwani, ambacho mkewe Veronika alikinunua sokoni Matema mwaka waliooana. Mdomo wake ulifunikwa kwa jani la mgomba lililokauka, na jani likazungushiwa kamba ya mgomba na kufungwa fundo. Ndani kulikuwa na mpunga wa mbegu uliochanganywa na majivu.

Mbegu hiyo Veronika alipewa na mama yake siku alipoondoka kwao kuolewa. Kila mavuno, kabla mtu mwingine hajagusa shamba, aliingia peke yake akachagua masuke moja moja, akayapura na kuzitia punje chunguni. Hakuiuza hata siku moja. Mwanamke yeyote aliyekuja na bakuli alipewa bakuli, kwa sharti moja tu, kwamba akivuna arudishe bakuli kutoka shambani kwake. "Mbegu ikikaa nyumba moja inakonda," alikuwa akisema. Siku wali wa mpunga ule ulipopikwa, jirani wa nyumba ya tatu alijua bila kuambiwa.

Halafu ikaja mbegu ya dukani, inayokomaa upesi, na wanawake wakaiacha ya Veronika mmoja mmoja. Wa mwisho kubaki nayo alikuwa Odilia, mama Nelson, jirani wa ng'ambo ya migomba. Mwaka ule Veronika alipougua, mto ulifurika ukazoa shamba zima la Odilia. Veronika akafa mwezi wa nane. Mwezi wa kumi na moja, mawingu yalipoanza kujikusanya, Odilia akaja na bakuli lake, akachuchumaa kwa heshima, akaomba mbegu kama ilivyokuwa desturi.

Mzee Ambilikile alimkatalia.

"Chungu hiki alikifunga mwenyewe," alisema. "Mkono wangu hautakifungua."

"Mvua haimngoji mtu, baba Lucy."

"Akiba haiozi, mama Nelson."

Odilia akarudi kwake na bakuli tupu. Tangu siku ile wakawa watu wa kuamkiana "ugonile" tu njiani, na kila mmoja anashika njia yake.

Tusimwonee mzee wa watu. Fundo lile lilifungwa na vidole vya mkewe wiki mbili kabla hajafa. Nguo zake wanawake wa ukoo walishagawana, kitanda alichougulia kilichomwa, na kaburi lake kule migombani lilishaota majani. Kitu ambacho mkono wa Veronika ulikuwa umekiacha kama kilivyo, kisiguswe na mwingine, kilikuwa fundo lile tu. Kila asubuhi mzee alisogea nyuma ya mlango akalitazama, kisha ndipo akanywa chai.

"Baba," Lucy alisema taratibu, "Uyole ni baridi. Mpunga hauoti kule."

 Maneno yale yalimwingia mzee, na Jumanne asubuhi alivuka migomba na fimbo yake hadi kwa Odilia, akasimama mlangoni.

"Njoo na bakuli," alisema.

 Odilia angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa haki yake. Alichukua bakuli akamfuata.

Mzee alijaribu kulifungua lile fundo, halikulegea. Lucy akaleta kisu.

"Usikate!" mzee alimkemea. "Mwache mama Nelson alifungue."

Odilia alilifungua polepole kwa kucha. Mzee akaichukua kamba, akaizungusha kidoleni, akaitia mfukoni. Odilia akachota mbegu, akapuliza majivu, akatia punje moja kinywani na kuing'ata. Uso wake haukumfurahisha mzee.

"Mvua mbili za kupandia zimepita ikiwa humu ndani," Odilia alisema. "Hii inayokuja ni ya tatu. Tuiamshe kwanza kidogo, tuone."

Alichukua konzi mbili akaziloweka hadi kesho yake. Alipozichuja alizifunga kwenye kipande cha gunia na majani ya mgomba, akaziweka karibu na mafiga yake, penye joto. Mbegu nzima haikatai joto namna ile. Siku ya pili yake hutoa meno meupe ya kuchipua.

Alhamisi Lucy alichoma fungu lake la kuchoma, redio ikiwemo, na baba yake hakunyanyuka kumzuia. Alikuwa anatazama ng'ambo ya migomba.

Ijumaa asubuhi Odilia alikuja na kifurushi, akakifungua juu ya ungo. Harufu ilitangulia kusema, harufu ya kitu kilichovunda. Mzee aliuvuta ungo mapajani, akaanza kupekua punje moja moja kwa kidole. Odilia alikaa chini kando yake, hakumharakisha. Jua lilipanda. Ungo ukapekuliwa wote, ukarudiwa tena, na hakukuwa na jino jeupe hata moja.

"Siku ile ulipokuja," mzee aliuliza bila kuinua macho, "ilikuwa hai?"

Odilia angeweza kumdanganya. Labda ingekuwa huruma.

"Ilikuwa hai, baba Lucy. Ilikuwa na miezi michache tu."

"Kwa hiyo ningekupa, leo ungekuwa nayo."

"Ningekuwa nayo."

Hapo mzee akalia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya mazishi, maana siku ya mazishi Mungu ndiye aliyechukua, na safari hii aliyeua alikuwa yeye. Lucy alisimama mlangoni na kanga mkononi, asijue pa kuanzia.

Alipotulia, mzee alijifuta uso kwa kiganja.

"Mbegu iliyokufa inalika," alisema. "Lucy, lete kinu."

Walitwanga wawili, Lucy na Odilia, wakapepeta, wakapika chote kilichokuwa chunguni. Mchele ulikuwa umezeeka, umekauka, ukanywa maji mengi. Lakini ulipochemka harufu ilitoka, imechoka kidogo, na ilikuwa ni ileile. Kikongwe Anyelwisye, wa nyumba ya tatu, akatokea na fimbo yake.

"Ni nani anapika mpunga wa mama Lucy?" akauliza.

Wakaja na wengine. Walikula uani, katikati ya masanduku yaliyofungwa, na watu walikula polepole kwa sababu kila mmoja alijua kuwa ni wa mwisho. Mzee alimaliza sahani yake hadi punje ya mwisho.

Jumamosi, gari likiwa tayari linanguruma, Odilia alikileta chungu alichoondoka nacho jana yake. Alikuwa amekiosha, na kwa kuwa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, alikuwa amekijaza mpunga.

"Ni wa dukani," alisema. "Lakini unaota."

Mzee alikipokea, akakikumbatia kidogo, kisha akamrudishia mikononi akimshukuru.

"Ndaga fijo, mama Nelson. Kikae kwako. Akija mtu na bakuli, mpe."

Gari likaondoka. Lucy, aliyekaa katikati, alitazama mapaja ya baba yake, hakuona kitu.

"Baba, hukupakata chochote?"

Mzee alitia mkono mfukoni akaitoa ile kamba ya mgomba. Akaizungusha kidoleni, akajaribu kulifunga fundo kama Veronika alivyolifunga. Likafunguka. Akajaribu tena, safari hii kwa kupitishia chini. Likafunguka. Walipoanza kupanda milima ya Tukuyu bado alikuwa anajaribu. Miaka arobaini na mitatu alikuwa amekaa chumba kimoja na mwanamke yule, kila mavuno analifunga fundo lile mbele ya macho yake, na hakuwahi hata siku moja kuangalia linavyofungwa.