Mkanda wa Mutuka

Mimi sikai kimya. Hata nikiwa peke yangu naongea, na Jumamosi ile tangu asubuhi nilikuwa naongea na mabenchi, na mlango, na mbwa wa jirani, kwa sababu Rogath alikuwa ameniambia jambo lililoninyima raha.

"Leo mchana ni mkanda wa Jovita," alisema. "Ule wa akina bibi wa Mutuka. Ni Kigorowa kitupu. Utatafsiri wewe."

Rogath ndiye mwenye ukumbi wa sinema pale Bagara, mjini Babati, nyumba ndefu ya matofali yenye mabenchi kumi na nane na madirisha tunayoziba kwa magunia ili mchana uwe giza. Kazi yangu ni kutafsiri. Filamu huja na Kichina, Kihindi na Kiingereza cha puani, nami hukaa pembeni na kipaza sauti nikiwaambia watu kinachosemwa. Kichina sijui hata neno moja. Lakini mtu akipigwa ngumi akatumbukia kwenye pipa la samaki, nani anahitaji kamusi? Nilikuwa naunga maneno mwenyewe, watu wanafurahi, na wengine walikuja kunisikia mimi kuliko kutazama filamu. Sifa hiyo nilikuwa nayo na siionei haya.

Mwaka ule mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga bado, na kila mtu Babati alitaka kuanzisha kitu cha mkoa. Wengine walianzisha timu, wengine kwaya. Rogath akaanzisha tamasha la filamu, siku tatu, filamu zilizopigwa na watu wa hapa hapa. Ijumaa wavuvi walituonyesha viboko wa ziwani, na madereva wa malori wakaleta kichekesho chao walichokicheka wao wenyewe. Jumamosi ilikuwa zamu ya Jovita, dada wa Kihaya anayepiga video za harusi. Alikuwa amekwenda Mutuka na kamera yake, akawaketisha akina bibi mbele ya nyumba zao waeleze maisha yao. Kigorowa hakijui. Aliwaambia tu, semeni mnachotaka, mtafsiri nitamtafuta mimi.

Mtafsiri mwenyewe ni mimi, Theodory, mzaliwa wa Mutuka. Na huko Mutuka alikuwako mama yangu, mzima wa afya, ambaye mimi nilikuwa nimeshamuua.

Msinitukane kwanza. Sikumgusa. Nilimuua kwa mdomo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeanza kufika kwa akina Hope, msichana niliyekusudia kumwoa, na mama yake, Mama Hope, mwenyeji wa Rombo aliyekuja Babati na biashara ya vitambaa, ni mtu ambaye hata mlango wa choo chake una pazia. Siku moja akaniuliza, "Mama yako yupo, baba? Tungependa kwenda kumsalimia." Nikaiona nyumba yetu ya tembe, moshi, mama na ugoro wake, na Kiswahili chake cha kuokoteza. Niliona haya, sina neno jingine. Nikasema, "Mama alishatangulia mbele za haki." Hope akalia. Mama Hope akanishika mikono yote miwili, akanipa pole na doti ya kitenge, kisha akaniuliza jina la marehemu. Mimi ninayebuni maneno ya Wachina kutwa nzima, nikashindwa kubuni jina moja. Nikasema, Sabaha.

Ilipofika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, Mama Hope akalipeleka jina parokiani. Likasomwa kati ya majina mengine, "Sabaha wa Mutuka, mama yake Theodory," nami nimekaa benchi la nne kati ya Hope na mama yake, nikiitikia pamoja na kanisa zima kwamba apumzike kwa amani. Tangu hapo nikaiogopa Mutuka, ingawa ni mwendo ambao hata mtu mvivu hafikishi saa mbili kwa miguu. Nilienda mara moja tu, Krismasi. Mama alinipikia, akanifungia maharage, hakuniuliza lolote. Nikajiambia, hajui.

Sasa ulikuwa Julai. Ndoa yangu na Hope ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili, na tangazo la tatu, la mwisho, lilikuwa kesho yake.

Nikamtafuta Jovita. Nilimkuta anafunga shuka jeupe ukutani.

"Dada, ni akina bibi gani uliowapiga?"

"Wako sita. Majina yao mengine hata siyawezi. Wanakuja wenyewe kujiona, nimewatumia Fuso."

Nikarudi kwa Rogath nikamwambia koo linaniuma, leo sitaweza. Rogath alikuwa anahangaika na projekta ya kuazima, hakuinua hata kichwa. "Koo lako?" akasema. "Tangu asubuhi unaongea na mbwa."

Nikatoka nje, nikarudi ndani, nikatoka tena. Nilikunywa maji mpaka tumbo likawa zito. Saa tisa Fuso likafika na vumbi lake, nami nikasimama nyuma ya mlango nikiwahesabu akina bibi wanavyoteremshwa mmoja mmoja. Watano. Mama hayumo. Nilitaka kucheka kwa sauti. Bibi Edda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akapita mbele yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," akasema, akanitazama toka viatu mpaka kola. "Umenenepa."

Hope na mama yake walifika mwisho, wakakaa benchi la tatu. Hope akanipungia mkono. Ukumbi ulijaa watu wa maofisini, wafanyabiashara, walimu, wengi wao wageni waliofuata mkoa mpya, watu wasiojua Kigorowa hata cha salamu.

Mkanda ukaanza. Nilitafsiri vizuri, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitafsiri ukweli, maana sikuwa na haja ya kubuni. Bibi wa kwanza alieleza njaa ya utoto wake. Wa pili akaeleza alivyotoroshwa na mume na jinsi ng'ombe wa mahari walivyogoma kuvuka mto. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Edda alipojiona ukutani alijifunika uso na kanga. Walipofika watano nikaanza kupumua, nikasahau kwamba Jovita alisema sita.

Wa sita alikuwa mama yangu. Alikaa mbele ya nyumba yetu na ungo wa maharage mapajani, uso wake mpana kama mlango, akaitazama kamera na kuanza, na neno la kwanza lilikuwa jina lake.

Nikapaza sauti juu ya jina. "Huyu bibi anasema zamani mvua zilikuwa nyingi! Anasema mahindi yalikuwa yanakomaa kabla hujamaliza palizi!" Mama anaongea, nami naongea juu yake, mbio mbio, mvua, mahindi, mbung'o, kiboko aliyekula shamba la mtu. Wageni walikuwa wananisikiliza kwa furaha. Lakini benchi la mbele, la akina bibi, lilikuwa linanung'unika, na mara Bibi Edda akasimama.

"Rudisha!" akasema.

Kwetu ukumbini hiyo ni sheria. Watu wakihisi mtafsiri ameruka kitu, mmoja anapiga kelele rudisha, wengine wanamfuata, na Rogath lazima arudishe mkanda, la sivyo mabenchi yanavunjika. Sheria hiyo nilizoea kuifurahia, maana kila waliporudisha nilibuni maneno mapya na watu wakapenda zaidi. Sasa ukumbi mzima ukaitikia, "Rudisha! Rudisha!" na Hope naye, masikini, akipiga makofi pamoja nao. Rogath akarudisha. Nikamwona mama akienda kinyumenyume, maharage yakiruka toka chini na kurudi kwenye ungo.

"Sema alivyosema," Edda akaniambia kwa Kigorowa, taratibu kabisa. "Usiposema wewe, nitasema mimi."

Nilifikiria kukimbia. Mlango ulikuwa hatua nane. Lakini mama alikuwa ameshaanza tena, nami kinywa changu, kwa mazoea tu, kikamfuata.

"Mimi ni Sabaha," nikasema. "Nilizaa watoto watano. Wanne wamelala nyuma ya nyumba hii. Wa tano yuko Babati, anatafsiri sinema."

Kwenye benchi la tatu mikono ya Hope ikaacha kupiga makofi.

"Novemba Edda alitoka kanisani akiwa analia. Alinikuta nachambua mbegu. Akasema, Sabaha, umesomwa leo na marehemu, na mwanao alikuwepo, akaitikia. Nilicheka mpaka ungo ukanidondoka. Halafu nikakaa chini, sikuweza kusimama mpaka jioni."

Mama akatupa jiwe alilolipata kwenye maharage, akaendelea. Nami nikaendelea.

"Nikafikiri, mwanangu si mbaya. Labda kuna kitu anakitaka ambacho hawezi kukipata akiwa na mama kama mimi. Basi nikawaambia wa hapa wanyamaze. Na mimi sijakanyaga soko la Babati tangu siku hiyo. Vitu vyangu anauza Edda. Nikienda, mtu atanijua, na mtoto ataharibikiwa. Marehemu hatembei sokoni."

Mkanda ukaisha hapo. Rogath akaondoa gunia moja dirishani na mwanga ukanipiga usoni.

Mama Hope alisimama wa kwanza. "Nimemwombea misa mtu aliye hai," akasema, si kwa hasira, kama anayejaribu kuelewa hesabu ngumu. "Nimemwashia mshumaa." Kisha akatoka bila kunitazama.

Hope hakumfuata. Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Edda, akapiga goti, akamwamkia, akamwuliza kitu kwa sauti ya chini. Edda akamwonyesha Fuso. Nilipofika nje alikuwa ameshapanda nyuma na akina bibi, amekaa juu ya gunia na gauni lake la Jumamosi. Nikashika ubao nipande, Edda akanigonga vidole kwa fimbo yake.

"Wewe una miguu," akasema.

Nikatembea. Njia ile sijapata kuiona ndefu vile. Pikapu zikanipita, dereva mmoja akaniita, "Mtafsiri, vipi, twende kwa buku tu!" nikamfukuza kwa mkono. Nilipanga maneno, nikayavunja, nikayapanga tena. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa linazama na Hope alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mama, viatu kavua, wanachambua maharage kwenye ungo mmoja. Walikuwa wanaongea. Kiswahili cha mama, kile nilichokionea haya, kilikuwa kinawatosha wote wawili.

"Shikamoo mama."

Akaendelea kuchambua. Nikafikiri hakusikia. Nikarudia.

"Marehemu haitikii shikamoo," akasema, kwa Kiswahili, ili Hope asikie.

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikasema nisamehe, nikasema ni ujinga, nikasema ni haya, nikaeleza mengi, hodari wa kusema kama mnavyonijua. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Nani alisikia nikisomwa?" akauliza.

"Kanisa zima, mama."

"Basi sina kazi na maneno yako ya hapa, tuko watatu tu. Nenda ukanifufue kule kule uliponizika, wote wasikie. Ukimaliza, njoo unisalimie, nitaitika."

Nikamtazama Hope. Alikuwa na pete yangu bado kidoleni, na macho yamevimba. Alikuwa anatenga maharage mabovu kwa uangalifu mkubwa, moja moja, kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

"Kesho ni tangazo letu la tatu," nikamwambia. Sauti yangu niliisikia ndogo.

"Najua," akasema. "Kamwone padre mapema, kabla ya misa. Utangulie kumtangaza mama kuwa yu hai. La kwetu mwambie asilisome kwanza, nami nitakuwa nimekaa pale nakusikiliza."