Mdomo wa Mtumbwi

Masika ya mwaka ule, vita vya Hitla vimekwisha juzijuzi, mto Pangani ulifura ukaondoka na daraja la miti walilovukia watu wa Korogwe kwenda upande wa Handeni. Mbwana, Mzigua mwenye shamba la mahindi kandokando ya mto, akataka mtumbwi. Akamwendea Kasmiri, mkata mkonge aliyekuja kama manamba kutoka Ziwa Nyasa, ambaye kila akionja pombe kidogo alijisifu kwamba baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi.

"Na wewe unaweza?" Mbwana akamwuliza.

"Nilikuwa namsaidia," Kasmiri akajibu, ingawa moyoni hakuwa na hakika.

Wakaangusha mvule. Tezo ilipouma gogo mara ya kwanza, harufu ya mti mbichi ikampanda Kasmiri puani, na papo hapo akawa kama anamsikia baba yake akikohoa pembeni. Mikono ikakumbuka yenyewe. Kila alipotoka kwenye mkonge alikuja kuchonga, akiimba kwa Kimanda, lugha ya kwao, nyimbo ambazo hata mkewe, Bernadina, hakuwahi kuzisikia.

Mtumbwi ulipokamilika, Mbwana aliuzunguka, akaguna. Tumbo lilikuwa pana, lakini mdomo wa juu mwembamba kama mfereji wa shambani.

"Mtu anakaa wapi humu?"

"Anakaa juu, miguu ndani. Kwetu mawimbi ni makubwa. Mdomo ukiwa mpana, maji yanaingia."

"Hapa mawimbi yako wapi, ndugu yangu?"

Kasmiri akaifuta tezo yake.

Siku ya kuushusha mtoni, wa kwanza kufika alikuwa Bibi Hamisa, na kapu lake la muhogo. Binti yake alikuwa amejifungua huko Mkata, na mjukuu hajamwona bado. Akajaribu kukaa juu ya mtumbwi, kanga ikampanda, akashuka upesi kwa aibu. Hakulalamika. Alikwenda kukaa kwenye nyasi, akawa anatazama ng'ambo.

Kasmiri akamtazama kwa muda, kisha akachukua tezo.

"Una hakika?" Mbwana akauliza.

"Usiniulize, bwana."

Akaanza kuupanua mdomo. Vibanzi vikadondoka majini, mto ukavichukua. Bernadina, aliyekuja naye mtoni, aliyaona machozi ya mumewe, akageukia pembeni akajifanya anafunga kitenge chake.

Jua lilipoanza kupungua ukali, Bibi Hamisa aliketi ndani ya mtumbwi, kapu mapajani. Mbwana akashika kafi, Kasmiri akakaa nyuma. Walipofika ng'ambo bibi akashuka.

"Ahsante, mwanangu. Kwenu nako mitumbwi ni hivi?"

"Hapana, bibi. Huu ni wa hapa."

Bibi akashika njia. Mbwana alitaka kugeuza warudi, lakini Kasmiri alikuwa ameanza kusimulia, jinsi baba yake alivyokuwa akigonga gogo na kutega sikio kabla ya kukata. Mbwana akaliweka kafi chini, akasikiliza.