Picha Mbili za Pontien

Elvire aliniomba kitu kimoja tu: nimchore marehemu mumewe akicheka, ili picha iwekwe mbele ya wageni siku ya kumaliza matanga. Kwetu Bujumbura matanga humalizwa baada ya mwaka mzima, kwa hiyo muda nilikuwa nao tele. Nikamwapia wallahi nitamchora. Pontien alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana, fundi wa magari pale mtaani kwetu Kinama, na kicheko chake ulikisikia kabla hujamwona mwenyewe.

Mimi ni mchora mabango. Saluni, gereji, duka la dawa, nusu ya Kinama ina mkono wangu, na hakuna aliyewahi kuuliza nani kachora. Jambo hilo lilinikera, nisiseme uongo. Basi yakatangazwa mashindano ya wachoraji, na mtu anayewajua majaji akaninong'oneza kwamba vicheko havishindi, wanataka maumivu.

Maumivu nilikuwa nayo daftarini. Pontien alipougua nilikwenda kumwona kila Alhamisi, na akisinzia nilimchora kwa penseli. Nilijiambia ni mapenzi. Sasa nikachukua mchoro mmoja, nikauchora upya mkubwa, kwa rangi: Pontien kifua wazi, mbavu zikihesabika. Shati alikuwa nalo siku niliyomchora. Nilimvua mimi kwa brashi, kwa sababu mbavu huvuta macho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia maji hata kabla sijasifiwa.

Nikashinda. Picha ikasambaa kwenye simu na jina langu chini, herufi kubwa. Furaha yangu ilidumu siku mbili. Nilipokaa kumchora Pontien anayecheka, mkono ukagoma. Meno niliyakumbuka, mashavu niliyakumbuka, kicheko chenyewe hakikuja. Mwishowe nikambandika tabasamu lile ninalochora kwenye mabango ya daktari wa meno, nikaipeleka picha kwa Elvire siku yenyewe ya kumaliza matanga, rangi ikiwa mbichi.

Wageni wote walikuwa wameiona ile nyingine. Elvire pia. Hakuna aliyenigombeza, na afadhali wangenigombeza. Katika hotuba yake ya shukrani, Elvire akanisimamisha mbele ya watu.

“Pontien alipogonjwa, watu walikimbia,” alisema. “Uyu Ilias alikuwa anakuja kila jeudi. Mungu amubariki.”

Wakapiga makofi. Niliona aibu.

Mama yake Pontien, bibi kizee aliyeteremka kutoka kijijini kwao mlimani asubuhi hiyo, akainuka na kuisogelea picha yangu. Aliitazama sana.

“Uyu ni nani?”

“Ni Pontien, mama,” Elvire akajibu taratibu.

“Apana. Mi mutoto wangu namujua.”

Prudence, mdogo wake Pontien, akatoa simu bila ubaya wowote, akamwonyesha ile iliyoshinda. Bibi aliishika kwa mikono miwili. Huyo alimtambua papo hapo, akalitaja jina lake kwa sauti ndogo. Kisha akavuta ncha ya kitenge chake, akakifunika kioo cha simu mpaka pale shingo inapoanzia.

“Mumufunike,” alisema. “Anasikia baridi.”

Mimi bado nilikuwa nimesimama mbele ya watu, pale niliposimamishwa nishukuriwe.