Uzi Usiooza

Bibi Kamuna alifariki Ijumaa alfajiri, kitandani kwake, na ilipofika saa mbili asubuhi binti yake Zohara alikuwa amesimama nje ya chumba cha kuoshea maiti, amekumbatia furushi la kitani. Ilibidi mama azikwe kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Muda ulikuwa unatosha, tena wa kubaki.

Kwa miaka kumi na mmoja Zohara mwenyewe alikuwa mmoja wa wanawake wanaoosha maiti za wanawake pale kijijini kwao, kijiji cha Wayahudi, lakini siku hiyo mlango ule haukuwa wake. Mtoto hamwoshi mzazi. Kwa hiyo alimkabidhi furushi Shangazi Traki, mkubwa wa waoshaji, akajibanza ukutani kama mgeni. Furushini mlikuwa na kila kitu: kofia, shati, suruali, joho, mkanda na shuka ya juu. Bibi Kamuna alivishona mwenyewe mwaka ule alioacha kilimo, kwa mishono mirefu isiyo na fundo hata moja, kama inavyotakiwa, ili udongoni uzi uachie upesi.

Maisha yake yote tangu aletwe kutoka kisiwa cha Djerba akiwa msichana, Kamuna alilima nyanya na pilipili hoho kwenye mchanga wa kusini, chini ya mapaa ya nailoni. Jua liliyachana mapaa yale vipande vipande, na kila kiangazi mama aliinama kuviokota mchangani, huku akiyalaani kwa Kiarabu cha kwao. Mbuzi wake mmoja alikufa na donge la nailoni tumboni. Alipomaliza kushona sanda yake alimwambia Zohara kwamba ameokota nailoni ya kutosha hapa juu, asije akaikuta na huko chini.

Haukupita muda Traki akatoka na furushi vilevile lilivyoingia, na pakiti kwenye mkono wa pili. Hakumtazama Zohara usoni. Kutoka ofisi ya pembeni akaja Pinhas Bitan, katibu wa chama cha mazishi, mtu wa sauti ya upole aliyesoma darasa moja na kaka yake Zohara. Alimpa pole, kisha akamweleza jambo ambalo Zohara alilijua vizuri kuliko yeye: sanda ni moja kwa wote. Tajiri na maskini, aliyesoma na asiyesoma, wanaondoka wamevaa sawa, na sanda hutolewa na chama, katika pakiti.

"Leo nikimruhusu mama yako," alisema, "kesho mke wa mwenye maghala atataka hariri."

Zohara aliinamisha kichwa. Maneno yale yale alishawaambia wafiwa wengine kwa mdomo wake mwenyewe, na aliyaamini. Karibu akubali. Alinyoosha mkono tu kuigusa pakiti aliyoishika Traki, ambayo ilikuwa imeshafunguliwa, na kidole chake kikanasa uzi uliokuwa ukining'inia kwenye pindo. Aliuvuta. Haukukatika. Aliuvuta tena kwa nguvu, ukamkata kidole.

Alimwomba Pinhas kiberiti chake cha gesi. Kwanza alichomoa uzi kwenye joho la mama yake, akauchoma. Ukawaka, ukanuka kama nyasi kavu, ukawa jivu ambalo upepo ulilichukua. Kisha akauchoma ule wa pakiti. Uzi ule haukuwaka. Ulijikunja kuukimbia moto, ukadondosha tone, na tone likaganda sakafuni likawa jeusi na gumu kama mbegu ya haradali. Harufu yake kila mtu kijijini anaijua. Ndiyo ya mwisho wa msimu, watu wanapochoma mapaa mabovu.

"Pinhas, hii nini?"

"Pamba."

"Pamba haidondoki."

"Basi imechanganywa kidogo. Rabi aliiona, hakusema neno. Zohara, dada yangu, unamzika mama yako, hufungui maabara."

"Tangu lini?"

Pinhas alijikuna shingo. Alisema mwenye kiwanda wa zamani alistaafu, huyu mpya analeta kwa wakati, na kwamba hiyo ni kama miaka mitatu hivi.

Miaka mitatu. Zohara aliitazama mikono yake. Kwa mikono hiyo alimvisha Wazina mkunga. Alimvisha Ester wa duka la mikate. Alimvisha msichana wa miaka kumi na tisa ambaye mama yake alilia nje ya mlango huu huu. Kila mmoja alimzungushia mkanda kwa uangalifu, bila fundo, ili pasiwe na kitu cha kumzuia kurudi mavumbini, kisha akamfungia ndani ya nailoni kama nyanya za kupelekwa sokoni. Hasira ilimwanzia yeye mwenyewe, na ilipokosa nafasi ya kukaa ikamgeukia yule mwanaume.

Zohara si mtu wa kupaza sauti. Hata siku hiyo hakupaza. Alimwambia Pinhas kwamba mama yake hataingia kaburini na kitu kile, na Traki akamshika kiwiko.

Hapo ndipo kaka yake, Rahamim, alipofika kutoka makaburini. Alisikiliza nusu tu, akaanza kusihi. Alisema mama amelala juu ya meza, ni aibu kumlaza hivyo huku wanawe wakibishania nguo, na kama jua likiwatangulia atalala hapo hadi Jumapili. Pinhas alitazama saa ya mkononi.

"Mimi sina haraka," alisema kwa upole. "Mwenye haraka ni Sabato."

Traki alivua aproni, akaikunja mara mbili, akaketi kwenye ngazi.

"Haya, mvisheni ninyi wanaume," alisema. "Kama mnaweza."

Mle ndani wanawake wengine wawili waliacha kumimina maji. Pinhas alibadilika rangi, maana mwanaume hamvishi maiti wa kike, na hakuna kijiji jirani ambacho kingetuma waoshaji Ijumaa. Alimwita Traki mama, alimwita shangazi, alimkumbusha nani alimtafutia mjukuu wake kazi. Traki alijisugua goti linalomuuma, kama vile hakusikia.

Kisha Pinhas akapata alichokuwa akikitafuta.

"Sawa," alisema. "Kamuna avae kitani chake. Na yule mwingine?"

Zohara alikuwa amemsahau. Kwenye meza ya pili alilala Bibi Raisa, mzee aliyekuja kutoka Urusi peke yake na kuishi peke yake nyuma ya posta, asiye na mtoto wala ndugu wa kumletea furushi.

"Makaburi yao yako ubavu kwa ubavu," Pinhas aliendelea. "Mwenye binti anaondoka na kitani, asiye na mtu anaondoka na plastiki. Huo ndio usawa unaoutetea?" Akatabasamu kidogo tu, pembeni mwa mdomo.

Zohara alimchukia mtu yule kwa tabasamu lile, na alimchukia zaidi kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli. Alimpokonya Traki furushi, akapiga magoti kwenye saruji, akalifungua. Shati na suruali aliviweka kushoto, vya Raisa. Kofia, joho na mkanda kulia, vya mama. Shuka aliitia meno pindoni, kisha akaipasua katikati kwa mikono miwili, na mlio wake ulimfanya Rahamim afumbe macho. Kwenye nusu moja alichana ukanda mpana wa kumfunga Raisa kichwani, na mwingine mwembamba wa kiunoni.

"Mama alijishonea vyote," Rahamim alisema. "Sasa atakwenda bila shati?"

"Atakwenda."

"Zohara."

"Atakwenda bila shati, Rahamim. Udongo utamvisha."

Traki alisimama, akavaa aproni yake, akabeba mafungu mawili yale akaingia nayo ndani. Pinhas alisema ataandika barua kwa wakubwa.

Walizikwa saa saba mchana, bila sanduku, mchangani. Nusu ya shuka haikumfikia mama miguuni, na koleo la kwanza la Rahamim lilimwangukia hapo, kwenye nyayo. Zohara alitazama bila kugeuza uso. Mchanga ule ulikuwa safi.

Jumapili Pinhas alikuja matangani. Zohara na Rahamim walikuwa wamekaa chini kwenye godoro, kola zimechanwa kama ilivyo desturi ya msiba, na chumba kimejaa watu. Yeye aliweka trei ya mayai ya kuchemsha mezani, akavuta kiti, akakaa mbele yao. Kwa desturi yao, anayekuja kuhani wafiwa hafungui mdomo mpaka mfiwa aseme kwanza. Kwa kawaida mfiwa humhurumia mgeni, akatamka chochote, hata habari ya joto.

Zohara hakutamka. Alimtazama. Ilionekana wazi kwamba Pinhas alikuja na maneno yake tayari, yalimjaa mashavuni. Rahamim alikohoa kama anayetaka kumsaidia, dada yake akamwekea mkono gotini. Wanawake waliacha kunong'ona. Pinhas alipangusa jasho shingoni, akatoa kiberiti, akakirudisha mfukoni, akaangalia mlango, akaangalia mayai. Mwisho aliinuka, akasema dua fupi ya kuaga, maneno pekee aliyoruhusiwa, akapiga hatua kuelekea nje.

"Utaanza na nyumba ipi?" Zohara aliuliza.

Aligeuka. "Nyumba gani?"

"Kwa Wazina, au kwa Ester? Au kwa mama wa yule binti? Utawaambia wewe, Pinhas. Mimi matanga yakiisha nitakuja nyuma yako, nyumba kwa nyumba, niwaambie ni nani aliyewavisha."

Pinhas alifungua mdomo. Sasa alikuwa na ruhusa ya kusema. Akatoa kiberiti tena, akakirudisha mfukoni.